Wakwe Wanakuja Siku ya Kamera ya Mwanangu

Mwanangu anaoa. Wazee wa upande wa msichana wanakuja kuona boma letu, na shemeji yangu amewaita siku ile ile mwanangu anawekewa kamera ya utumbo.

Hamjambo nyote. Admin, ficha jina langu, hapa Kakamega tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, lakini kuzaa nilizaa. Kifungua mimba wangu ana miaka ishirini na tisa, alisomea mifugo, na ndiye anapigiwanga simu ng'ombe ikitaka kupandishwa kwa sindano. Ndama wote wazuri wa huku ni kazi ya mkono wake, ulizeni.

Mwaka juzi alianza kutoa damu chooni. Tulidhani ni bawasiri, kumbe ni saratani ya utumbo mkubwa. Akapasuliwa, akawekewa dawa za saratani kwa mishipa, akapona, Mungu asifiwe. Daktari akasema baada ya mwaka lazima kamera ipitishwe huko nyuma, waone kama kuna kitu kinamea tena. Mwaka umepita na zaidi. Ameahirisha mara mbili, kisa kazi, na daktari wa kamera anakujanga huku Jumamosi moja tu kwa mwezi.

Nikamwendea shemeji abadilishe siku ya wageni. Akaniambia, "Mulamwa, shemeji yangu, saratani si ilikatwa? Kamera ni ya wazee, kijana damu yake ina nguvu. Na hao watu wakisikia, watasema ugonjwa uko kwa ukoo wetu."

Ati ya wazee. Baba yake mwenyewe, baba mkwe wangu, aliugua saratani hiyo hiyo. Huyo kila kamera alipelekwa na gari la kukodi, amefunikwa blanketi mbili. Alipofika miaka themanini na mbili, daktari akasema sasa mzee apumzike, kamera itamsumbua kuliko kumsaidia. Shemeji akagombana na daktari mpaka askari wa geti akaja. Mzee aliyeambiwa basi anasukumwa aangaliwe, na mtoto wangu ambaye hata hajazaa anaambiwa angoje. Tangu siku aliyonijibu hivyo, salamu ya shemeji siiitikii.

Na mwanangu naye amekubali kuahirisha tena. Msichana hajui kitu kuhusu huu ugonjwa. Kijana ananiambia, "Mama, wacha tu, nitaenda mwezi ujao."

Nikamwambia, "Wewe unaingiza mkono mpaka kwa bega kwa ng'ombe za watu, leo kamera kama kidole inakushinda?"

Akacheka, halafu akaangalia chini. "Ng'ombe haina wakwe, mama."

Niliingia jikoni nikalia.

Sasa namba ya mama ya msichana ninayo. Nikimpigia nimweleze ukweli, nimwombe waje wiki inayofuata, mwanangu ataenda kwa kamera, lakini anaweza kukosa bibi na asinisamehe mpaka nizikwe. Nikinyamaza, Ijumaa, siku ya kushinda na maji na dawa ya kuosha tumbo, atakula obusuma, ugali wetu, kama kawaida, na kesho yake atakaa na wageni akikatiwa ingokho, kuku wa wageni, huku daktari anarudi kwao. Na kama kuna kitu kinamea, kitaendelea kumea.

Nyinyi mliozaa, na nyinyi vijana mliopitia hii kamera, semeni nami kama dada yenu. Nimpigie huyo mama, ama ninyamaze? Jibuni haraka. Wazee wanafika Jumamosi hii, saa nne asubuhi.