Mahali pa Kutua Gunia la Gathogo

Ni nani aliyekufundisha kuinuka kabla filamu haijaisha? Shujaa akishakufa, wewe tayari unapapasa viatu chini ya benchi. Kisha majina yanaanza kupanda kwenye skrini, na muziki mtamu kuliko wote wa filamu hiyo unapigiwa viti vitupu. Unajiibia mwenyewe mchana kweupe.

Mimi nilisomea muziki chuoni miaka miwili, lakini kubaki hadi mwisho nilifunzwa na mbeba viazi.

Anaitwa Gathogo. Ana miaka arobaini na tisa, anashusha magunia ya viazi vya Dundori kutoka kwa malori sokoni Nakuru, na shingo yake ni nene kama paja langu. Jumapili huimba besi katika kwaya yetu ya Kipresbiteri hapa Kaptembwo, ambayo mimi huipigia kinanda. Jumamosi akitoka kazini hupitia kwa Quincy, mwenye ukumbi wa video wa mabati karibu na stendi ya bodaboda.

Quincy haonyeshi filamu tu. Huieleza kwa maiki toka mwanzo hadi mwisho, kwa lugha ya mtaa, na hakuna mhusika anayebaki na jina lake. Filamu aliyoipenda Gathogo ilikuwa ya vita vya kale, ya wanaume wa milimani waliopigana na mfalme wakiwa wamevaa marinda. Quincy akaibatiza "Majamaa wa Sketi". Mfalme akawa Chifu. Farasi wa shujaa akawa Nduthi, yaani pikipiki.

Lakini hata Quincy hupumua, na kila alipopumua muziki ulipenya. Vayolini nyingi zilishuka pamoja polepole, kama ukungu wa asubuhi juu ya mashamba ya Dundori. Juu yake filimbi moja ya chuma, chini yake ngoma ya kushikwa mkononi, na katikati zumari ya mfuko wa ngozi.

"Hiyo inalia kama mbuzi," Gathogo aliniambia. "Lakini mbuzi aliyeokoka."

"Ni zumari ya Uskoti, mzee."

"Si huko ndiko walitoka wamishonari wetu?"

"Ndiko."

"Basi walituletea zile za kitabu cha nyimbo, hii wakaificha."

Aliitazama filamu hiyo mara kumi na moja. Wimbo akaushika, akautungia maneno ya shukrani, nasi tukaufunza kwaya. Siku ya Sikukuu ya Mavuno, Gathogo angepita katikati ya kanisa na gunia la viazi begani, kwaya ikimfuata, na wimbo ungeisha akilitua mbele ya meza ya Bwana.

Shida ni kwamba wimbo haukuwa na mwisho. Mwisho wake ulikuwa chini ya majina, na Quincy huzima majina yanapoanza ili watu wa mpira waingie. Usiniulize kwa nini sikutafuta kwenye simu. Jina halisi la filamu lingejulikana vipi, na Quincy huruka hata mwanzo aanzie pale pa kupigana? Nilitafuta "wanaume, sketi, upanga" usiku na mchana. Mpaka leo simu yangu inaniuzia sketi.

Kwenye mazoezi kwaya ilifika tunapopajua, ikanyamaza kama gari lililoishiwa mafuta. Gathogo akabaki amesimama na gunia begani. Akina mama waliokuwa wakifagia wakasimamisha mifagio.

"Baba Natalie, shusha hilo gunia," Wariara, kiongozi wa kwaya, akamwambia Gathogo kwa jina la bintiye.

"Wimbo haujaisha."

"Si tumemaliza?"

"Mmenyamaza. Hiyo si kumaliza."

Wariara akatoa amri. Ikiwa Jumapili itafika bila mwisho, tutaimba ule wa kila mwaka, na gunia litaletwa na wilbaro. Gathogo aliposikia wilbaro, alishika bega lake kama mtu aliyetukaniwa mama. Nilijitolea kutunga mwisho mwenyewe. Akakataa.

"Levis, ukikuta nyumba ya mtu haina mlango, utaiwekea wako?"

Basi Jumamosi, mkesha wa sikukuu, tukaenda kwa Quincy. Shujaa akafa, filimbi ikalia, mkono wa Quincy ukaenda kwenye swichi.

"Acha majina yapite," nikamwambia.

"Wasee wa mpira wako nje, boss. Nani huja hapa kusoma majina?"

Nikapanda juu ya benchi. Nilisema kwamba kila jina lile ni mfanyakazi. Nilisema kuna mtu alipuliza filimbi ile mpaka midomo ikapasuka, na taifa lisilosoma majina ya wafanyakazi wake litabaki likipigia makofi farasi. Quincy alinisikiza mpaka mwisho.

"Poa," akasema. "Sasa shuka kwa benchi yangu."

Hapo Gathogo akainuka, akaenda mlangoni, akauegemeza mgongo wake. Nje watu wakasukuma. Wakasukuma tena, wengi, mabati yakalia.

"Boss, mlango umekwama?" mmoja akauliza huko nje.

"Haujakwama," Gathogo akajibu. "Ni mimi."

Quincy aliutazama ule mgongo, akautazama mlango wake. "Dakika tano. Lakini mimi siwezi kushika maiki nikae bubu."

Mlango ukafunguliwa, wenye jezi wakamiminika, na Quincy akaanza kuyasoma majina kama kikosi kinachoingia uwanjani. Golini, fundi wa taa! Beki tatu, mshonaji wa sketi! Ukumbi ukashangilia. Alipofika kwa mpiga filimbi, mmoja akapiga vuvuzela. Wimbo hatukuusikia hata chembe.

"Quincy, ndugu yangu," Gathogo akasema polepole. "Funga mdomo."

Maiki ikazimwa. Vayolini zilikuwa zikiondoka moja moja, kama wageni wanaoaga. Zumari ikanyamaza. Filimbi ikabaki peke yake, ikarudia mstari wa kwanza kabisa, taratibu. Kisha ngoma: pigo moja, la pili, na kimya kirefu hata nikadhani stima ya ukumbi imepotea. Ndipo likaja la tatu.

Niliona bega la Gathogo likiinama kidogo.

"Hapo," akasema. "Ndipo pa kutua."

"Sasa wekeni mpira," akasema mwenye vuvuzela, lakini kwa sauti ya chini.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye kinanda. Gathogo alipita katikati ya maboga na mikungu ya ndizi, gunia limemfunika sikio, akiimba besi. Tukarudia mstari wa kwanza, taratibu. Wariara akapiga ngoma, moja, mbili, akauacha mkono hewani. Gathogo alikuwa amekunja magoti, mishipa ya shingo imesimama, hatui. Kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, nikasikia mnong'ono wa mwenye maiki wetu, ambaye sikuwahi kumwona kanisani:

"Jamaa anangoja... bado... bado..."

Wariara akapiga la tatu. Gunia likatua, na vumbi la Dundori likapanda hadi kwenye miwani ya mchungaji, naye hakuifuta.