Niliwasha ya Kulia

Gari nililinunua uzeeni, nilipostaafu kazi ya ukarani kwenye ghala la korosho hapa Nachingwea. Lilikuwa gari dogo la zamani, rangi ya maziwa, lililokwisha kupita mikononi mwa watu nisiowajua. Injini yake ilikuwa nzima na milango ilifunga vizuri. Mzee wa umri wangu angetosheka.

Mimi sikutosheka. Kila nilipopita stendi, vijana wa bodaboda walinitania.

"Babu, na lenyewe limestaafu?"

"Muulize kama linapokea pensheni!"

Nilicheka, nikawapungia mkono, lakini maneno yale yalinikaa. Nikaanza kuangalia magari ya wenzangu, hasa ya wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine na kufungua maduka mjini. Yao yalikuwa ya zamani kama langu, ila taa za nyuma zilibandikwa karatasi nyeusi ya plastiki, ile wanayoiita tinti, na indiketa zilikuwa vitaa vyembamba vyeupe vinavyometameta kama macho ya paka. Gari likisimama, watu wanageuka. Nikataka watu wageuke na kwangu.

Nilimwendea fundi umeme mmoja karibu na stendi.

"Nifanyie kama zile," nikamwambia, nikimwonyesha gari lililopaki ng'ambo.

"Mzee wangu, unaoa tena?"

"Weka wewe, acha maneno."

"Nauliza tu, nisije nikakosa pilau."

Akabandika tinti nyuma, akang'oa balbu za njano za indiketa, akachomeka vile vitaa vya kisasa. Alipomaliza alisimama nyuma ya gari, akaniambia niwashe zote kwa pamoja. Nikawasha. Akapiga mluzi. Moja moja hatukujaribu. Yeye alikuwa na mteja mwingine anasubiri, na mimi nilikuwa nawahi sala ya Ijumaa, nipaki mahali ambapo watu wakitoka wataliona.

Nilipokata kona kutoka pale nilisikia indiketa inalia haraka haraka, tiktiktiktik, tofauti na zamani. Nikarudi nyuma kidogo, nikamuuliza kupitia dirishani.

"Ndivyo zilivyo hizi, mzee. Hazina uvivu kama zile balbu zako."

Jibu lile lilinifurahisha, nikaondoka. Gari lilikuwa linaniambia kwamba kuna kitu hakiko sawa, nami nikalihesabu kuwa ujana.

Nina binti mmoja. Mama yake alishafariki. Wakati ule binti yangu alikuwa ameolewa Ruangwa na mwalimu wa hisabati wa sekondari, kijana wa Sumbawanga aliyeletwa huku na kazi. Sikuwahi kumpata mkwe kama yule hata katika maombi yangu. Akiniona anavua kofia. Hakukaa kabla sijakaa, hakunywa maji kabla sijanywa, na jambo nililolisema hakulipinga hata mara moja. Watu wa mtaani kwangu walikuwa wakisema nimepata mtoto wa kiume, na mimi niliringa.

Alipoziona zile taa mara ya kwanza hakuniambia neno. Alimwambia mkewe, naye binti yangu akaniletea huku akicheka: "Baba, mwenzangu anasema gari lako siku hizi limevaa miwani ya jua."

Nikacheka sana. Kama angekuwa rafiki yangu wa rika moja, angesema wazi, mzee, taa zako hazisomeki. Lakini mtu hamwambii hivyo baba mkwe wake. Alifanya utani mdogo, akaupitisha kwa mkewe, akatumaini nitaelewa. Sikuelewa.

Kwa msomaji asiyezijua barabara zetu, lazima nieleze jambo moja. Wakati ule sehemu kubwa ya njia ya Ruangwa ilikuwa bado vumbi, na kiangazi mtu anayekufuata haoni kitu mbele yako. Wewe ndiye macho yake. Ukiona njia ni nyeupe unampa indiketa ya kushoto, maana yake pita. Ukiona gari linakuja unampa ya kulia, maana yake baki hapo hapo. Hakuna shule ya udereva iliyotufundisha hivyo. Tumefundishana barabarani, na kila mtu anaamini taa ya mwenzake kama anavyoamini mkono wa mtu anayemvusha mto. Ukiwasha zote mbili kwa pamoja, wa nyuma anaelewa kwamba unasimama, basi akupite aendelee na safari yake.

Siku moja ya kiangazi tulitoka shambani kwangu Lionja. Binti yangu alikaa mbele pamoja nami, viti vya nyuma vimejaa viroba vya muhogo mkavu na ufuta. Mumewe alikuwa nyuma yetu na pikipiki yake. Ilikuwa saa za alasiri. Tulishapita mjini na kushika njia ya Ruangwa, tunazungumza habari za mtoto waliyekuwa wakimtafuta bila kufanikiwa. Namwona binti yangu mpaka leo, ameshika ukanda wa kiti kwa mikono miwili, ananiambia, "Baba, usimuulize yeye, niulize mimi."

Nikaona vumbi la lori mbele. Nikapunguza mwendo, nikasogea kushoto kumpa lori nafasi, na kwa ajili ya mkwe wangu nikashusha mkono wa indiketa. Ya kulia. Binti yangu aliona. Taa ndogo ya kijani kwenye dashibodi ikawaka, ile tiktiktik ikalia. Gari langu lina taa hiyo moja tu kwa pande zote mbili, kwa hiyo ukiwa ndani huwezi kujua nje kunawaka nini.

Pikipiki ikatupita upande wa kulia. Nilipiga kelele ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Hakufa. Dereva wa lori alikuwa mtu mzima, alikwepa mpaka porini, lakini ubavu wa lori ulimchukua mkono wa kulia. Haukukatwa. Unaning'inia tu, na vidole havishiki kitu. Ni mkono wa chaki.

Askari wa usalama barabarani walipokuja, taa zangu zilikuwa zimezimwa. Hakuna aliyefikiria kuzitazama. Nikaulizwa, nikasema niliwasha ya kulia. Binti yangu akaulizwa, akasema, "Niliuona mkono wa baba kwa macho yangu, aliwasha ya kulia." Tulisema kweli, sisi wawili. Siku kadhaa baadaye askari alikwenda wodini kuchukua maelezo ya mgonjwa, na mimi nilikuwepo, nimeshika bakuli la uji. Akamsomea tuliyosema.

Mkwe wangu alinitazama. Akatazama ukuta. Akasema, "Kama baba amesema ni ya kulia, basi ni ya kulia. Sikuona vizuri."

Nikamsifu moyoni kwa uungwana wa kukiri kosa lake. Nilimlisha uji nikiwa na mawazo hayo.

Lakini mtu hawezi kulala na jambo kama lile kifuani. Walipokuwa peke yao alimwambia mkewe kwamba aliona zote zinawaka na gari linasogea kando, akajua nasimama. Binti yangu alikataa. Alikuwa ndani ya gari, aliona mkono wangu. Mwanzoni alifikiri ni dawa zinamsemesha, baadaye akaona ni kiburi, mwishowe akaona ni uongo. Shuleni nako watu walikuwa wanasema mwalimu alikimbiza pikipiki kama kijana wa bodaboda, na yeye kwa sababu yangu hakujitetea. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia ukweli, na mtu huyo alikuwa binti yangu.

Siku moja akarudi kwangu na begi.

"Sitakaa na mwanaume anayemsingizia baba yangu," akasema.

Nilipaswa kumrudisha siku hiyo hiyo. Baba mwingine angemrudisha. Mimi nilimwambia, "Pumzika kwanza, mwanangu," na ndani yangu kulikuwa na furaha ndogo kwamba ameniamini mimi. Hilo simsukumii fundi wala tinti. Ni langu peke yangu.

Alikaa kwangu mavuno yakapita, mnada wa korosho ukaja na kwisha. Mumewe alipiga simu mara chache, kisha hakupiga tena.

Jioni moja binti yangu alikuwa anatoka dukani kwa miguu, mimi narudi na gari. Nilimpita karibu na nyumbani, nikawasha ya kulia ili niingie uani. Nikamsikia ananiita kwa nguvu. Nikasimama.

"Baba, unasimama au unaingia?"

"Naingia. Kwani vipi?"

"Mbona umewasha zote?"

"Nimewasha ya kulia."

"Zima." Nikazima. "Haya, washa ya kulia."

Nikawasha.

"Ya kulia, baba."

"Si ndiyo nimewasha!"

Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa amesimama katikati ya njia na mfuko wa sukari, na vile vitaa vinamwangaza usoni, kushoto na kulia, kushoto na kulia, kwa pamoja. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima, na gauni lake safi.

Nilishuka nikaenda kutazama mwenyewe. Zilikuwa hafifu kwa ile tinti, lakini zilikuwa zinawaka zote. Zilikuwa hivyo tangu siku ile ya Ijumaa; vitaa vile vinawashwa na umeme kidogo tu, na ule wa upande mmoja ulikuwa unavujia wa pili kupitia taa ya dashibodi.

Kesho yake asubuhi tukaenda Ruangwa. Njiani binti yangu alizungumza mara moja tu. Alisema, "Nilimwambia mume wangu kwenye simu, mama yake akisikia, kwamba ni mwongo."

Tulimkuta nje ya nyumba yake ya walimu, anafua kwa mkono mmoja. Alikuwa amelikanyaga shati kwa mguu ili alikamue. Alipotuona alijifuta, akatafuta kofia yake ili apate kuivua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akaleta kiti. Akamkaribisha na mkewe kama unavyomkaribisha mgeni wa jirani. Nikamwambia yote, bila kuzunguka. Nikasema kwamba aliona sawasawa, na kwamba sisi ndio tuliokosea, na kwamba mkosaji wa kwanza ni mimi. Binti yangu alikuwa amepiga magoti pale kwenye maji ya kufulia.

Niliogopa atanitukana, na nilitamani anitukane.

"Naomba nizione," akasema.

Tukaenda kwenye gari. Yeye akasimama nyuma, mimi nikaingia nikawasha ya kulia. Kwenye kioo nilimwona amesogeza uso karibu, ameinama kidogo, ule mkono wake unaning'inia. Alizitazama kwa muda, kama anayesahihisha hesabu ya mwanafunzi. Akaja dirishani.

"Zima tu baba, betri itakwisha."

Tuliporudi kukaa, ndipo alipozungumza. Alisema taratibu, bila hasira. "Miezi yote hii nimejifundisha kwamba niliona vibaya. Ilikuwa kazi ngumu. Kila asubuhi nilijiambia, wewe uliona vibaya, baba hawezi kusema uongo, na mke wako hawezi. Nikafika mahali nikaamini. Nikawa nalala." Akamtazama mkewe. "Sasa mmekuja kuniambia niliona sawa. Nashukuru. Ila kweli hiyo sijui niiweke wapi."

"Nirudi hapa kwetu," binti yangu akasema. "Mimi na wewe. Tuanze."

"Uhamisho wangu umekubaliwa. Nakwenda kwetu, Sumbawanga. Watanipa kazi ya ofisini."

"Nitakwenda na wewe."

"Mama amekwisha kunitafutia chumba pale kwake," akasema, akainua ndoo kwa mkono wake wa kushoto, akaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda mrefu kuliko ndoo moja inavyohitaji.

Nilikwenda kituoni kueleza kwamba maelezo yangu ya awali hayakutosha. Walinisikiliza kwa adabu. Wakasema jambo lile limekwisha, mzee, hata huyo kijana mwenyewe alikiri. Nilikwenda pia kwa mkuu wa shule. Alinipa soda, akasema walimu wenzake watafurahi kusikia. Nilipokuwa natoka nilimsikia anaita mwalimu mwingine ili waendelee na kikao chao.

Tinti niliibandua kwa kucha zangu. Balbu za njano zipo mahali pake. Ukiwasha ya kulia inawaka ya kulia. Hakuna anayenifuata tena kwenye njia ya Ruangwa, na gari lenyewe silitumii ila kwenda shambani.

Binti yangu alibaki kule kumsaidia kufunga mizigo, kwa sababu mtu wa mkono mmoja hawezi kufunga kamba. Alimkunjia mashati, akamfungia vitabu. Mumewe alimwacha afanye, akamshukuru kwa kila kitu alichokifunga. Nilijua hayo baadaye, kwa kuokoteza. Alirudi kwa gari la abiria, na lile begi lake.

Nilimpokea mlangoni. Nikamuuliza kama mumewe ameshaondoka.

"Asubuhi."

"Hakusema lolote?"

Alikuwa anavua viatu, hakuinua uso.

"Amesema nikusalimie, baba."

Akaingia jikoni kuwasha moto.