Matawi Niliyoyatupa Nje ya Geti

Bustani yangu ya mawe ilianza kwa kiburi, na nalisema hilo mapema nisije nikajipamba baadaye. Nilikuwa nimefundisha biolojia Isiolo kwa miaka mingi, na kila mgeni aliyeshuka kutoka kwetu Meru akafika nyumbani kwangu Kiwanjani aliiangalia changarawe iliyozunguka nyumba na kunipa pole. Kwetu mlimani hata kigingi cha kufungia ng'ombe huchipuka ukikisahau. Hapa nilikuwa nimepanda sukuma wiki mara tatu, na mara zote tatu jua lilinishinda. Nilichoka kuonewa huruma. Nikaamua kupanda kile ambacho ardhi yenyewe inakitaka.

Mawe meusi niliyaleta kutoka kwenye lugga, mto mkavu wa msimu, upande wa Burat, safari mbili za mkokoteni. Niliyapanga mbele ya nyumba, makubwa chini na madogo juu, nikajaza kokoto na mchanga katikati ili maji yasituame. Mimea ya mawe haifi kwa kiu. Hufa kwa kunyweshwa, mizizi ikaoza kimyakimya huku majani yakionekana mazima. Nililijua hilo kutoka vitabuni, na nilipenda kulirudia mbele za watu.

Mbigili ulikuja wenyewe. Unatambaa chini kabisa, maua yake ya manjano ni madogo kama vifungo vya shati, na mbegu zake hutoboa kandambili. Kisha nikapata mmea wa majani manene kama punje za mchele, ambao maua yake hufunguka saa nne asubuhi na kufungwa jua likikaza. Nikapata na ule usio na majani, mashina yake ya pembe nne yakitambaa juu ya jiwe kama vidole. Ua lake ni nyota ya rangi ya damu iliyoganda, na hunuka mzoga. Inzi huja wakidhani ni nyama, wakataga mayai katikati ya ua, mafunza wakatoka, wakakosa cha kula, wakafa pale pale. Ua lilichotaka ni inzi abebe chavua tu. Wanafunzi wangu walikunja nyuso nilipowaonyesha, nami nikacheka. Siku hizi hilo halinichekeshi.

Lakini malkia wa bustani lilikuwa waridi la jangwani. Si waridi hata kidogo. Ni ndugu wa oleanda inayopandwa kandokando ya barabara kwa urembo, na ni ndugu wa msunguti, ambao wawindaji wa zamani walichemsha magome yake kupata sumu ya mishale. Ule unaonuka mzoga pia ni wa ukoo huo. Wataalamu huliita Adenium obesum: jina la kwanza limetokana na mji wa Aden, la pili lina maana ya mnene, kwa sababu shina lake limevimba chini kama tumbo la mtu aliyeshiba, na humo ndimo linamoweka maji. Ukame unapozidi hudondosha majani yote, kisha likiwa uchi hivyo hivyo linatoa maua ya waridi yenye koo jeupe.

Aliyeniletea alikuwa baba wa mwanafunzi wangu mmoja, dereva wa pikapu ya Merti. Alisimama getini, akatoa salaam aleikum, akaushusha mmea akiwa ameushika mbali na nguo zake.

"Mwalimu, hii umesema unataka ya nini?"

"Ya kupendeza nyumba."

Akautazama tena. "Haya. Lakini maji yake isikuingie kwa macho. Na mbuzi ya kwetu hii haikuli, hata ikufe na njaa. Inajua."

Mimi niliyashika maneno hayo kwa upande ulionifaa. Mjini Isiolo ukipanda chochote bila kuzungushia miiba, mbuzi watakimaliza kabla hujanawa mikono. Kumbe hapa nimepata ua lisiloliwa! Sikuweka miiba wala seng'enge. Niliona nimewashinda mbuzi wa Kiwanjani wote, jambo ambalo limewashinda watu wengi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja Mturkana, mjane, mtu mzima, aliyekuwa akimlea mjukuu wake, msichana wa miaka mitano. Alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, mweupe mwenye sikio moja jeusi. Maziwa ya mbuzi yule yalikuwa ya mtoto. Nyanya alikunywa chai ya rangi na kusema ndiyo anayoipenda. Kama mbuzi wote wa mtaa, yule naye alitoka asubuhi peke yake, akazunguka majalalani, akala katoni, maganda, hata magunia, na jioni akarudi mwenyewe. Mbuzi huyo alizaliwa mjini. Mama yake pia alizaliwa mjini.

Sasa niseme juu ya desturi ya kwetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Katika shamba la baba yangu hakuna kilichotupwa. Ukipogoa, ukipalilia, ukivunja majani ya ndizi, unafunga mzigo na kuwapelekea ng'ombe na mbuzi waliofungiwa zizini. Zizi lako likishashiba, mzigo unawekwa getini kwa jirani. Mtu anayechoma majani mabichi au kuyaacha yaoze alisemwa vibaya pale kwetu, na baba alimwita mchoyo. Nilikuja na desturi hiyo Isiolo kama nilivyokuja na lafudhi yangu. Kila Jumamosi asubuhi niliweka nje ya geti maganda ya viazi, vikonyo vya sukuma niliyonunua sokoni, na chochote nilichokata bustanini. Mbuzi mweupe alijifunza haraka. Jumamosi hakwenda jalalani tena. Alisimama getini kwangu tangu saa mbili akinisubiri, na jirani alicheka ng'ambo ya ukuta.

"Mwalimu, hii mbuzi imekuwa yako. Siku moja itakuja darasani!"

Mwaka huo mvua zilikataa, na za msimu uliofuata zikakataa pia. Hata katoni zilikuwa chache majalalani, kwa sababu mbuzi walikuwa wengi kuliko takataka. Bustani yangu ndiyo ilizidi kuchanua. Watu walisimama kuitazama. Mzee mmoja mpita njia alinyoosha bakora kuelekea lile waridi, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake. Nilidhani ni uzuri uliomshangaza.

Jumamosi moja niliona matawi mawili ya waridi yamerefuka yakapinda. Kitabu kinasema ukate, ndipo mmea utoe matawi mengi na kubaki mfupi. Nikakata. Utomvu ukatoka, nikajifuta kwa kitambaa na kunawa kwa sabuni mara mbili, kwa uangalifu wa mtu aliyesoma. Kisha nikakusanya maganda, vikonyo, magugu na matawi yale yenye maua, nikaweka rundo nje ya geti. Nikarudi ndani kusahihisha mitihani. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nikifikiria nini wakati ule. Jibu ni kwamba sikuwa nikifikiria. Mikono ilikuwa ikifanya kazi ya shamba la baba.

Yapata saa sita nilisikia jirani akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mwalimu! Kuja uone. Mbuzi imelala, haiamki."

Alikuwa amelala kivulini mwa ukuta, udenda ukimtoka, miguu ikitikisika kidogo. Mtoto alikuwa amechuchumaa akimpepea kwa kipande cha katoni. Nilipiga magoti, nikaweka kiganja mbavuni. Moyo ulienda mbio, ukasimama, nikahesabu kimoyomoyo hadi tatu, ukaruka tena. Niliwahi kuwafundisha watoto wa watu sumu ya ukoo huo hufanya nini, na inakwenda wapi. Inakwenda moyoni.

Niligeuka kutazama getini kwangu. Ardhi ilikuwa safi kama iliyofagiwa. Hapakuwa na ganda, wala kikonyo, wala ua hata moja.

"Ni joto," nikasema.

Ndiyo, nilisema hivyo. Nililisikia neno likitoka, na nilitaka mno liwe kweli.

"Si joto," jirani akasema. "Lakini haiwezi kufa hivi hivi." Akamwita kijana wa nyumba ya tatu aje na kisu upesi, kabla mnyama hajakata roho, kwa sababu aliyejifia mwenyewe haliwi na ni hasara tupu. Mimi nikaenda nyumbani. Nilitembea kama mtu mwenye shughuli. Nikafunga mlango, nikakaa mbele ya mitihani, kalamu nyekundu mkononi.

Nilijaribu kujituliza kwa elimu. Wawindaji walikula nyama ya mnyama waliyempiga mshale wa sumu. Walikata sehemu ya jeraha wakaitupa, nyingine wakachoma wakala, wakaishi. Basi nyama yaweza kuwa salama. Lakini jeraha la mbuzi huyu lilikuwa wapi? Lilikuwa tumboni. Ndani ya tumbo mlikuwa na majani yangu yaliyotafunwa. Na je, kuchemsha kunaondoa? Msunguti ulichemshwa siku nzima, na kuchemshwa ndiko kulikoizidisha sumu yake. Kila nilichokumbuka kilifuatwa na kingine kibaya zaidi. Kupitia dirishani ilianza kuingia harufu ya moshi, kisha ya nyama.

Nilitaka kunyamaza. Sitaki kuficha hilo. Niliwaza mtaa mzima utakavyosema: mwalimu wa biolojia, mwenye vitabu ukutani, amelisha mbuzi wa mjane sumu kwa mkono wake. Nikaona afadhali nisubiri kidogo, pengine hakuna litakalotokea.

Geti likagongwa. Alikuwa mtoto, ameshika kwa mikono miwili bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Teacher, shosho amesema hii ni yako. Ni maini. Ati kwa sababu wewe ndio ulikuwa unaipatia chakula."

Nilipokea bakuli. Lilikuwa la moto.

"Na nyinyi mmekula?"

"Bado. Shosho anapika matumbo. Mimi ndio napenda matumbo."

Sijui niliweka bakuli wapi. Nakumbuka nikiwa tayari kwao, kiatu kimoja kimenivuka, na jirani ameinama juu ya jiko akikoroga sufuria, na mtoto ametangulia kukaa kwenye kigoda na sahani yake mapajani.

"Mama, msile. Usimpe mtoto. Ni mimi. Nilikata ule mti wa maua nikaweka kwa maganda."

Aliacha kukoroga. Hakupaza sauti, na ningalipenda apaze.

"Ule wa mawe?"

"Ule."

"Ule naujua," akasema. "Kwetu hata mtoto anaujua. Nilipouona kwako nilishtuka. Nikataka kukuambia." Akaangalia mikono yangu. "Halafu nikasema, huyu ni mwalimu wa miti. Ataujua kuliko mimi. Mimi nitamfundisha nini? Na asubuhi nimeona umeweka chakula ya mbuzi, sikutoka kuangalia. Ni yako, sikuangalia."

Kisha akatwaa sufuria kwa ncha za leso, akatoka nayo nyuma ya nyumba, akachimba. Nilimsaidia kuchimba. Tulifukia matumbo, tukafukia nyama iliyobaki, nikaenda nikaleta bakuli la maini tukalifukia pia, na tukaweka mawe juu ili mbwa wasifukue. Mawe hayo niliyatoa kwenye bustani yangu. Mtoto alilia akiuliza kwa nini tunazika chakula. Jioni nilimwona mtoto amekaa mlangoni na kikombe cha chai ya rangi.

Waridi nililing'oa siku iyo hiyo. Sikuthubutu kulitupa popote, kwa hiyo nikaliweka juu ya paa la stoo, mizizi minene ikiangalia jua, nikangoja likauke nilichome. Wiki zikapita bila tone la maji na bila punje ya udongo. Nilipopanda tena kulichukua, lilikuwa limetoa maua manne. Nilishuka nalo ngazi, nikalimwagia mafuta ya taa na kulichoma, nikisimama upande usiokwenda moshi.

Mbuzi mwingine nilimnunua mimi mwenyewe, mwenye maziwa, nikampeleka. Jirani alimpokea na kunishukuru vizuri. Tunasalimiana kila asubuhi, ananiuliza hali ya watu wa Meru, naye huniletea mkaa nikiishiwa. Mbuzi huyo hufungwa kamba fupi nyuma ya nyumba, na Jumamosi nyanya humkatia majani mbali na geti langu.

Majuzi nilirudi kutoka sokoni na ndizi mbivu, nikamkuta mtoto akiruka kamba barabarani. Zamani alikuwa akinipokonya kabla sijaongea. Nikammenyea moja, nikampa. Aliishika, akasema asante, lakini hakuipeleka mdomoni. Aligeuka akamtafuta nyanya yake kwa macho, kupitia juu ya ukuta, ndizi ikiwa imesimama mkononi. Nyanya aliitazama ile ndizi, akanitazama mimi, akaitazama tena. Kisha akaitikia kwa kichwa, na mtoto akaanza kula.