Kisu cha Mkono wa Vidole Vitatu

Mtu akija kwangu kuagiza kisu cha uwindaji, mimi humwambia alete mkono wake, na hapo ndipo taabu huanza. Atanieleza urefu anaoutaka, atanieleza ngozi ya ala, atanyoosha mikono kunionyesha ukubwa wa nguruwe pori aliyemwangusha, lakini mkono wenyewe hana nafasi ya kuuleta. Atamtuma shemeji. Au atasema, "Papa, unifanyie tu kama kile cha jirani yangu." Jirani yake ana kiganja kama sahani, na yeye ana kiganja cha mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nimefua visu katika mji huu wa Goma tangu ndevu zangu zilipoanza kuota, na bado sijaelewa jinsi watu wazima wanavyosahau kwamba kisu ni kitu cha kushikwa.

Namna yetu ya kufanya kazi niliipokea kwa baba yangu, sikuisoma popote, maana shuleni sikuketi hata siku moja. Mwindaji hupewa donge la udongo mbichi. Hulishika vilevile anavyoshika kisu anapochuna mnyama, hulibana, kisha huliachia. Donge hilo hukaushwa kivulini, na mpini huchongwa kwa kulifuata: pale kidole kilipozama, mti huchimbwa, pale udongo ulipojitokeza kati ya vidole, mti huachwa. Bapa hutoka katika resori, yaani springi, za malori, chuma kilichokwisha kuteswa vya kutosha na barabara zetu. Udongo wenyewe huletwa na akina mama kutoka Sake, kwa sababu ardhi ya Goma ni jiwe la volkano, na jiwe halifinyangwi hata ukililia.

Basi, katika miaka ya uasi, alikuja mwindaji mmoja kutoka upande wa Rutshuru. Alikuwa mtu mpole, mkubwa wa mwili, na mkono wake wa kulia ulikaa mfukoni mwa koti muda wote tuliozungumza. Mtego wa waya alioutega mwenyewe ulikuwa umemkata kidole cha mwisho na kile kinachokifuata. Watu hudhani kisu hushikwa kwa kidole gumba. Si kweli. Vile vidole viwili vya mwisho ndivyo vinavyokikaza mpini kiganjani. Ukivikosa, kisu chochote cha sokoni hugeuka na kukurudia wewe mwenyewe. Kilikuwa kimemrudia mara nyingi, na makovu yake niliyaona alipoutoa mkono kwa muda mfupi tu, kama mtu anayeonyesha kitu cha wizi.

Kilichomleta hakikuwa maumivu. Kwao, anayemchuna mnyama ndiye anayeigawa nyama. Si aliyemuua, si mwenye mbwa, bali aliyeshika kisu. Ndiye anayempelekea baba mkwe kidari, ndiye anayeamua nani ale paja na nani atafune shingo. Tangu vidole vile vipotee, mwindaji huyu aliua, na mdogo wake akachuna. Mdogo wake akagawa. Mdogo wake akapelekewa shukrani za wakwe ambao hawakuwa wake. "Muzee," aliniambia, "nyumbani kwangu mimi nimekuwa mugeni wa nyama yangu." Nikamwahidi kisu chenye mpini uliopinda nyuma, unaoukumbata ukingo wa kiganja, ili kiganja kifanye kazi ya vidole visivyokuwepo.

Siku ile sikuwa na udongo. Nikamwambia arudi wiki ifuatayo. Kabla ya wiki ile kwisha, barabara ya Rutshuru ikafungwa.

Nilichokipata badala yake ni mdogo mtu. Alipita kwa njia zake, akaketi katika karakana yangu, ambayo wakati huo ilikuwa karibu na soko, mjini kati, akafungua kitambaa na kunikabidhi donge la udongo uliokauka vizuri. Nililigeuza. Nilihesabu alama za vidole, nikahesabu tena.

"Huu mukono ni wa nani?"

"Wa mukubwa yangu."

"Mukubwa yako vidole vimemuota?"

Akacheka, akajikuna shingo. "Muzee, tuseme ukweli. Mimi njo nachunaka. Yeye anauaka tu. Sasa kisu kikifuata mukono yake, mimi nitachuna na nini?"

"Kisu si chako."

"Kisu ni cha familia."

"Familia haina kiganja. Toka."

Alitoka akinung'unika kwamba mimi ni mzee wa roho ngumu. Kabla hajavuka mlango nililivunja lile donge mbele yake, kwa nyundo, ili asije akamwambia kaka yake kwamba nimelipokea.

Barabara ilipofunguka kidogo, nikatuma udongo na salamu kwa dereva wa basi dogo, kwamba mwindaji aubane yeye mwenyewe na mkewe aufunge. Udongo ukarudi. Dereva alikuwa ameuweka chini ya gunia la maharage, kwa maelezo kwamba pale usingeibwa. Ukafika bapa kama chapati. Nilimuuliza kama nyumbani kwake mayai nayo huyaweka chini ya magunia, naye akakasirika, akasema yeye hubeba watu na mizigo, habebi matope. Ikabidi nimbembeleze, mimi, mtu nisiyejua kubembeleza, mpaka akakubali kubeba tena. Mara hiyo mke wa mwindaji alilifunga donge kwa majani ya migomba, akalitia ndani ya kikapu, na kikapu akakifunga kwa kamba hata ikanichukua asubuhi nzima kukifungua. Lakini ndani mlikuwa na mkono kamili wa mtu yule: gumba, viwili vinavyolifuata, kisha bonde laini mahali ambapo vingine vilikuwa. Niliufurahia. Nikauweka rafuni, nikaanza kunyoosha resori.

Ndipo mlima wa moto ukapasuka.

Sitausimulia moto. Waliouona hawahitaji kuambiwa, na wasiouona huniuliza maswali ya kipuuzi. Nitasema tu kwamba nilikuwa na chukudu moja ya mbao ya kusukumia mizigo, na familia nzima iliitazama kwa macho ya kuigawa. Mke wangu alitaka godoro. Mama mkwe alitaka kuketi. Mimi niliweka fuawe, chuma kizito cha kufulia alichoniachia baba yangu, na godoro likabebwa kichwani, na mama mkwe akatembea huku akinitajia kila hatua asili ya ukoo wetu. Lile donge la udongo nilikuwa nimelivingirisha katika shati, nikalitia ndani ya sufuria na kulifunika, kwa sababu sufuria ndicho kitu pekee ambacho mwanamke wa Goma hakisahau katika kukimbia.

Tulivuka mpaka, tukalala Gisenyi kwenye ua wa watu. Asubuhi nilimkuta jirani yetu, mama mwenye wema usio na kipimo, akikoroga uji wa watoto wa ua mzima ndani ya sufuria yangu.

"Mama, ndani mulikuwa na kitu."

"Udongo? Nilitupa, papa. Nilikuta muchafu sana, nikasugua hata na muchanga. Shati niko nimefua, iko pale inakauka."

Alitarajia asante. Nikampa asante, na nikaenda kusimama mbali na watu mpaka hasira iliponipungua.

Tuliporudi, mahali pa karakana palikuwa jiwe jeusi, bado la moto, lenye urefu wa kunizidi mimi. Nilihamia Ndosho, pembeni mwa mji. Fuawe niliisimika upya juu ya jiwe lilelile lililonihamisha, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuisimika. Njia ya Rutshuru ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka. Uasi mmoja uliondoka, mwingine ukaja ukiwa na jina jingine na madai yaleyale. Nilisikia kwamba mwindaji bado anaua kidogokidogo na mdogo wake bado anagawa. Sikutuma tena udongo. Nilikuwa nimechoka na udongo wa kusafiri.

Mwishowe vita ndivyo vilivyomleta. Kijiji chao kilikimbia chote, na wengi wakapewa kulala katika madarasa ya shule si mbali na kwangu. Alikuja asubuhi, nywele zimeanza kuwa nyeupe, mkono mfukoni. Karakana ilikuwa na watu wanaongoja kunolewa mapanga na majembe. Nikampa donge.

"Muzee, acha hawa watu waende kwanza."

"Hawa watu hawaendi. Wameningojea tangu saa moja. Toa mukono."

"Watauangalia."

"Wauangalie. Wana macho, watafanya nini nayo?"

Akautoa. Waliutazama, ndiyo, na mama mmoja mwenye jembe akasema, bila ubaya, "Pole, papa, ni mutego?" Akajibu kwamba ni mtego. Mama yule akasema mume wake naye alipoteza jicho kwa tawi. Mazungumzo yakahamia kwenye jicho, na mwindaji akalibana donge lake kwa utulivu huku watu wakibishana kuhusu jicho. Miaka yote ile, barabara zote zile, na kazi yenyewe ilimalizika kabla mama hajafika mwisho wa habari ya tawi.

Nilifua bapa fupi, pana kiasi, lenye ncha iliyoinuka ili lisitoboe tumbo la mnyama. Nililizamisha katika mafuta ya mawese, nikalirudisha motoni mpaka likapata rangi ya majani makavu. Mpini niliuchonga kwa pembe ya ng'ombe na kuupinda nyuma kama nilivyoahidi. Alipoushika, aliutikisa, akaugeuza chini, akafungua vidole vyake vitatu, na kisu hakikuanguka. Akakitikisa tena. Nikamwambia aache kukitikisa ndani ya karakana yenye watu.

Msitu hakuwa nao tena. Lakini Jumapili ile mjukuu wake alibatizwa, na baba mkwe wake, ambaye naye alilala katika darasa lilelile, alitoa mbuzi. Niliitwa pale shuleni. Mdogo mtu alikuwa tayari amekunja mikono ya shati na kunoa kisu chake cha sokoni juu ya ngazi.

Mwindaji akampita, akapiga goti kando ya mbuzi, akaanza.

Alikwenda polepole hadi kukera. Mikono yake ilikuwa imesahau. Alikata ngozi mahali pasipotakiwa, akasimama, akatafakari, akaendelea. Watoto walilia njaa. Mke wake alilitazama jua, akatazama sufuria. Nilijizuia nisimwambie kwamba bapa langu halikufuliwa kwa ajili ya kupapasa.

"Yaya," mdogo wake akamwambia, kwa jina la heshima la kaka, "leta nikusaidie. Wakwe wanangoja."

Mwindaji hakuinua kichwa. "Kaa pale na wao. Nitakuletea yako."

Mdogo mtu alibaki amesimama, kisu mkononi, akinitazama mimi kana kwamba nilikuwa na haki ya kuamua. Nikageuza macho kwa mbuzi. Baba mkwe akasogea kwenye benchi na kumwachia nafasi, naye akakaa.

Kidari kilimfikia baba mkwe kwa mkono uleule, na shingo ikamfikia mdogo mtu. Tulikula jua likiwa limekwisha kupinda, nyama ikiwa haijaiva sawasawa, na mimi nilirudi Ndosho kwa miguu nikiwa bado na njaa.