Mguu wa Mgema

Mume wangu Mwaringa ni mgema wa hapa Kilelengwani, kando ya mto, na nikisema mgema sisemi kazi tu. Kuna watu hupanda mnazi kwa sababu ya njaa. Yeye alipanda asubuhi na jioni, akashuka na uso wa mtu aliyetoka kusali, na kanisani kwenyewe haonekani.

Miaka mitatu iliyopita kotama, kile kisu chake cha kugemea, ilimponyoka ikamkata juu ya kifundo cha mguu. Kidonda kidogo tu, nikakifunga na kitambaa. Laiti ningejua. Kilikauka, kikafunguka, kikakauka, kikafunguka tena. Alimeza antibayotiki za Garsen mpaka muuza dawa akanijua kwa sauti. Minazi yake akaishika jirani yetu Fondo, maana karara, lile ua changa la mnazi linalotoa tembo, halingoji mgonjwa. Usipolikata kila siku linakauka. "Nakushikia tu, kaka," Fondo alimwambia. "Ukipona, ni yako."

Mwishowe hospitalini wakasema mguu ukatwe. Mwaringa hakubisha. Aliuliza swali moja: mgema wa mguu mmoja mmemwona wapi? Nilitoka nje nikalia, mimi ambaye silii ovyo.

Ndipo tukasikia kuna daktari Mombasa anayejaribu matibabu mengine. Tukaenda, tukakaa kwa dada yangu Kisauni. Daktari ni mwanamke, jina lake Swabra, mpole lakini hapindishi maneno. Akatueleza kwamba wadudu wa kile kidonda wamejijengea utando wa utelezi. Dawa inapita juu, wao wako chini wamestarehe. Alitaka kuutikisa huo utando kwa altrasaundi, ili dawa ipate pa kuingilia.

Mwaringa akakunja uso. "Altrasaundi si ile ya wajawazito? Mimi sipangi foleni na wenye mimba."

"Panga, Baba Dzombo," nikamwambia, kwa jina la mwanetu. "Ukijifungua mguu mzima, jina nitautafutia mimi."

Akamgeukia daktari. "Kibuyu cha kugemea mnazi kikishika utelezi ndani, kusuuza ni kazi bure. Mimi hutia changarawe na maji ya moto, nikakitikisa mpaka mkono unachoka. Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo, baba," Swabra akasema. "Mitetemo ya mashine ndiyo changarawe, antibayotiki ndiyo maji ya moto. Kimoja peke yake hakitoshi. Ila tunajaribu tu, si kila mguu unakubali. Ukipona unataka kufanya nini?"

"Kupanda."

Tulikaa wiki sita. Mara mbili kila wiki alinyoosha mguu, daktari akapitisha kifimbo cha chuma juu ya kidonda huku maji ya chumvi yakichuruzika. Kilitoa mlio mwembamba kama wa mbu. Mwaringa aliuma meno na kuuliza kama utelezi umeng'oka. Jioni tukikaa nje kwa dada alitazama minazi ya watu, isiyogemwa, makuti makavu yananing'inia. "Hii haina mtu," alikuwa akisema, na mimi nilijua hasemi minazi peke yake.

Wiki ya nne ule utando mweupe ukaacha kurudi, nyama nyekundu ikaonekana. Wiki ya sita kidonda kikafunga. Swabra alifurahi kuliko sisi, kisha akaminya kifundo na kusema kovu limekivuta sana, atembee atakavyo, lakini kupanda hawezi kuahidi. Mwaringa alikuwa ameshaanza kuvaa kiatu.

Fondo alikuja na kotama siku ileile tuliyorudi, hakungoja kuombwa. Tukasimama wote tukimtazama Mwaringa akipanda. Alifika kidato cha sita cha vile vilivyochongwa kwenye shina. Mguu haukukunjika. Alijaribu tena na tena, ameukumbatia mnazi, jasho linamtoka, na mimi nikawa natazama chini. Alishuka taratibu, akampa Fondo kotama. "Endelea tu, ndugu yangu," akasema.

Siku hizi mguu hauumi. Analima mahindi, anabeba maji. Watu wananiambia nishukuru, nami nashukuru kweli. Lakini namkumbuka mume wangu kama mtu aliyesafiri, na bado kila siku nampakulia sima.

Jioni Fondo akishuka, Mwaringa huwa anamngoja pale chini. "Mto umekaaje leo?" humwuliza. Kule juu mto unaonekana wote, mpaka unapoingia baharini Kipini, na haukosi jambo jipya. Zamani alikuwa akishuka ananisimulia mpaka chakula kinapoa.

Fondo ni mtu mwema. Hufikiri kidogo, akitafuta kitu cha kumpa.

"Uko palepale, kaka."

Mwaringa humshukuru, akarudi nyumbani kwa miguu yake yote miwili.