Rehema wa Konani

Usiku ule wa kuamkia siku ya kukatwa ukuta nililala nimefurahi, eti nimemtendea wema marehemu Mwalimu Chande, aliyenifundisha kuandika mabango. Enzi zake alimchora Rehema, mtoto wa jirani, kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, pale konani lori lilipomgonga na kumuua akienda shule. Alimchora kwa kimo chake, nyayo zikigusa ardhi, mkono mbele kuwazuia madereva. Mvua ilikuwa inambandua. Meneja wa hoteli akaomba akikate kipande kile cha ukuta, akihifadhi bustanini kwake. Na mimi, niliyeachiwa picha na Mwalimu mwenyewe, nikakubali mbio mbio.

Namwona Mwalimu kando ya bwawa la kuogelea la hoteli, shati lake lina madoa yaleyale ya rangi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Haitikii. Maskini mimi, mtu niliyemzika kwa mikono yangu ananinyima hata marahaba! Rehema yupo, amewekewa taa na maua. Wageni wanapiga naye picha, wanacheka, mmoja anamgongea kiganja.

"Mwanangu," Mwalimu akasema, "hapa anazuia nini?"

Nikaanza kueleza habari za mvua, na kwamba sasa watu wataijua kazi yake. Nageuka, bwawa halipo. Tuko konani, na ukutani pana tundu la kimo cha mtoto. Mama Rehema amekuja na kitambaa cha kumfuta vumbi, kama afanyavyo kila asubuhi, anapapasa hewa. Magari yanapita kasi, hakuna hata moja linalokanyaga breki. Loo, aibu niliyoiona! Nikalia kwa sauti.

Mwalimu hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisema tu, "Mimi sikumchora nipate sifa," akashika njia yake.

Nikaamka mto umelowa, nje kumeshapambazuka. Nikampigia meneja, nikamwambia mafundi wasije.

"Lakini fundi, masika haya itafutika yote!"

"Najua," nikasema, na nilijua kweli. Mwalimu hayupo wa kuichora upya, na mimi sura ya mtu siiwezi. "Iache ifutikie palepale. Saa hizi watoto wanavuka."