Silabusi Safi, Karatasi ya Bitumbula

Siku ile naikumbuka hata kwa harufu yake, mwanangu: chaki, jasho, na maziwa uliyonitapikia shingoni, maana ulikuwa mgongoni mwangu. Mwalimu Donatien alikuwa anasoma matokeo ya mtihani wa programu katika kituo chetu cha mafunzo pale mtaa wa Kamalondo. Alipofika kwenye jina langu alishusha karatasi, akatutazama wote, akasema taratibu, kama mtu anayefundisha katekisimu:

"Kosa haiko mu mashini. Kosa haiko mu silabusi. Kosa iko mu kichwa ya mama Gracia."

Darasa likacheka. Mmoja wa nyuma akaongeza kwamba mama Gracia arudi tu kusoma bitumbula, vile vimaandazi vya mviringo, na wakacheka mara ya pili. Sikuwa nimepanga kufanya lolote. Nilijikuta nimesimama, nimefika mbele, nimeiweka silabusi yake, kile kijitabu cha somo, kando ya kibodi ya mashine iliyokuwa inawaka.

"Courant iko," nilimwambia, yaani umeme upo. "Mashini iko. Andika weye mwenyewe ukurasa moja ya silabusi yako, tuone kama itatembea."

Nilimwita weye, kama anavyoitwa mtoto. Kwetu mwalimu huitwa kwa wingi, kana kwamba ni watu wawili. Mwalimu aliitazama ile kibodi, mikono yake ikiwa mifukoni.

"Mwanafunzi hapimake mwalimu," akasema. Akachukua mkoba wake akatoka. Kabla ya wiki kwisha jina langu lilikuwa limefutwa kwenye orodha ya kituo.

Mimi si mzee, mwanangu. Nywele zangu bado nyeusi, na wenye umri wa kutoa nasaha wanaweza kuniambia nikae kimya. Lakini kosa nililifanya mimi, na yule aliyenionya alinionya mapema, na mimi nikamcheka. Kwa hiyo nitasema, wewe usome utakapojua kusoma, na kama kuna mtoto wa mwingine anayesoma hapa, naye ni mwanangu.

Nilimaliza masomo ya sekondari nikiwa na mimba yako. Baada ya kukuzaa nilikaa Ruashi kwa babu yako, Papa wangu, aliyefanya kazi maisha yake yote katika karakana ya reli, akitengeneza injini. Kila jioni alicheza kisolo na jirani, kile kibao cha mashimo na mbegu, na mimi nilianza kuwaza kwamba mchezo ule ungeweza kuishi ndani ya kompyuta. Nikasikia kwamba shule moja ya Bel-Air inatafuta mama au binti wa kusimamia chumba chake cha kompyuta na kufundisha watoto, na kwamba kituo cha Kamalondo ndicho kitakachompeleka, yule atakayepita mtihani vizuri kuliko wengine. Nilijiandikisha siku ileile. Nilitaka ile kazi kuliko kitu chochote. Nilitaka uwe na mama anayeondoka asubuhi akiwa na funguo za mlango wa watu.

Sasa sikiliza jinsi nilivyochagua kitabu.

Mjini, kwenye ukuta mmoja ambapo vitabu vya zamani hupangwa chini juu ya turubai, nilikuta kitabu kinene cha Kifaransa cha kutengeneza michezo kwa lugha ya Python, ileile tuliyokuwa tunafundishwa. Kilikuwa kibaya kukitazama. Jalada lilikuwa limeondoka, kahawa ilikuwa imemwagika katikati, na mtu asiyejulikana alikuwa amejaza maandishi ya kalamu ya risasi pembeni ya kila ukurasa: hapa alama ya vema, pale "hapana, jaribu hivi", mahali pengine amefuta mstari mzima akaandika wake. Nilikishika kwa vidole viwili. Mwenye kuuza, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniambia kwamba aliyekiuza alilia kukiacha. Nilimrudishia. Nilisema siwezi kwenda darasani na takataka.

Halafu nikachukua silabusi ya Mwalimu Donatien. Unajua desturi yetu, na kama hujui utaijua: mwalimu anatoa kijitabu chake mwenyewe, kinapigwa kopi, na mwanafunzi asiyekuwa nacho anaonekana kama hayupo. Jina lake linapita bila kusomwa. Silabusi yetu ilikuwa nyeupe, ina jalada la plastiki, ina muhuri wa kituo, na mistari yake yote ilianza kwenye ukingo mmoja, imenyooka kama ukuta uliojengwa na fundi mzuri. Niliipenda. Nilifika nayo nyumbani nikampa Papa aione.

Hakuisoma. Aliipindua, akapitisha kidole gumba kwenye kingo za kurasa, akainusa.

"Hii kitabu, nani alishafanya nayo kazi?"

"Iko mupya, Papa."

"Njo maana minauliza," akasema, yaani ndiyo maana anauliza.

Akaniambia jinsi mambo yalivyokwenda kule karakana. Kitabu kipya cha injini hakikuwekwa kabatini hata siku moja. Kiongozi alikileta mpaka kwenye injini yenyewe, akachagua ukurasa, na mafundi wawili wakafanya kila neno lililoandikwa pale, mmoja anasoma na mwingine anafungua. Wakimaliza, aliyefungua alipiga kidole chake chenye mafuta chini ya ukurasa. Kitabu kisicho na alama za mafuta hakuna aliyekiamini. Siku moja kililetwa kimoja kizuri, kimepigwa upya chapa na watu wa ofisini, na kwa sababu kilikuwa na mihuri ya wakubwa, watu wakaona aibu kukijaribu. Mchoro mmoja ulikuwa umerukwa, na aliyekuwa anafungua injini siku ile ni yeye. Papa alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule wenye vidole vitatu, akauweka juu ya silabusi yangu nyeupe.

"Kitabu ya mashini yenye haina mafuta, haiyagusa mashini bado."

Nilimjibu vibaya. Nilisema, "Papa, hii haiko treni." Aliuondoa mkono wake, akaenda kupanga mbegu zake za kisolo.

Miezi minne tulisoma kwa kuandikiwa. Mwalimu alisoma mstari, sisi tukaandika kwenye daftari, na nyumbani tukakariri kama zaburi. Mashine zilikuwa nne, umeme ulikuja ulipotaka, na zamu ya kugusa kibodi ilikuwa Ijumaa tu. Ijumaa niliandika kisolo changu kwa amri za silabusi, herufi kwa herufi. Mashine ilikataa, na wenzangu nao iliwakatalia, kila mmoja akaificha aibu yake. Nilipomwita mwalimu alisema ni virusi. Ijumaa nyingine alisema ni umeme dhaifu. Ya tatu alisema wanawake wenye watoto wachanga wana usahaulifu, na mimi, nisikufiche, nilianza kuamini. Nilikaa na daftari kwenye magoti nikikunyonyesha huku nakariri yale maneno, nikijilaumu mimi. Hilo ndilo sitalisamehe. Muda nitausamehe. Kile kipindi nilichojiona mjinga bure, hapana.

Asubuhi moja, nikiwa njiani kuelekea kituoni, nilinunua bitumbula kwa mama anayekaanga kwenye kona. Alinifungia kwenye karatasi ya kitabu. Nilikula kimoja, nikaona maandishi ya kalamu ya risasi pembeni. Niliyajua. Ilikuwa karatasi kutoka kitabu kile kinene cha mjini. Nilimuuliza mama kama anazo nyingine. Alisema kitabu chote kimeshakwenda na wateja, tangu juzi, na akanitazama kama unavyomtazama mtu anayelilia mfuko mtupu.

Lakini ile karatasi moja ilitosha. Mistari yake haikunyooka. Mmoja ulianza ukingoni, uliofuata ulisogea ndani, wa tatu ukasogea ndani zaidi, halafu mwingine ukarudi. Na pembeni yule mtu asiyejulikana alikuwa ameandika: "Nafasi hizi usiziguse, mashine inazisoma." Ndipo nilipoelewa, mwanangu. Katika lugha ile, nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ndiyo inayoiambia mashine amri ipi inakaa ndani ya ipi, kama chumba ndani ya nyumba na nyumba ndani ya ua. Silabusi yetu ilikuwa imebomoa kuta zote. Miezi minne tulikariri nyumba isiyo na kuta.

Ijumaa ile niliandika kisolo changu kwa ngazi, kama ile karatasi. Mashimo yakatokea kwenye skrini. Nilibonyeza, na mbegu zikatembea, moja moja, zikazunguka. Nilikutoa mgongoni ili uone. Umeme ukakatika kabla sijamwita mtu, lakini mimi niliona na wewe uliona.

Kabla ya kumwendea mwalimu nilipita kwenye duka la kopi linalochapa silabusi. Nilitaka kujua nani aliinyoosha ile mistari. Dada anayechapa alijibu kwa fahari kabisa.

"Mwalimu alileta karatasi ya mukono, mistari inatembea kama mulevi. Njo miye nikainyoosha yote, ipendeze."

Nilimuuliza kama mwalimu alirudi kuangalia. Alisema ndiyo, alirudi kuhesabu kopi. Sina neno na yule dada. Alifanya kazi yake vizuri, na hakuna aliyemwambia kwamba ile nafasi tupu ni maandishi.

Nilimwonyesha mwalimu karatasi yangu kwa adabu zote, kwa wingi, kama watu wawili. Aliishika kwenye pembe, akaionyesha kwa darasa, akauliza tangu lini watu wanasoma sayansi kwenye mafuta ya kukaangia. Hapo ndipo nilipopata lile jina la msoma bitumbula. Akasema mtihani utafanywa kwenye karatasi, kwa kichwa, kama ilivyo kwenye silabusi. Nilifanya mtihani. Niliandika sawasawa, na ngazi zake zote. Aliyarudisha makaratasi yangu yamejaa wino mwekundu, na chini ameandika: "Ukingo haukuheshimiwa." Kilichofuata umeshakisikia.

Kazi ya Bel-Air alipewa Solange, aliyekuwa anakaa dawati moja nami. Hakuniibia kitu, alikariri vizuri. Wiki ya pili ya kazi alikuja Ruashi, amekonda, akaniambia kwamba watoto wa ile shule wameandika kila kitu alichowaandikia na mashine zote zimekataa, na kwamba wazazi wanaanza kusema yeye ni mwongo. Nilimwonyesha zile nafasi. Alilia kwenye kiti cha Papa. Alipoondoka, Papa aliniomba ile karatasi. Niliogopa ataniambia alinionya. Aliinusa tu, akaigeuza, akagusa mahali pa mafuta, akanirudishia.

"Hii njo kitabu," akasema.

Basi mwanangu, siku utakapokwenda kuchagua kitabu cha kompyuta, usiangalie jalada wala muhuri wala cheo cha aliyekuambia ukichukue. Muulize anayekupa: ulishaandika ukurasa huu kwenye mashine, ukatembea? Akichukia, umepata jibu. Ukiweza, beba kitabu mpaka kwenye mashine utakayotumia wewe, si ya mjomba, si ya mwakani, andika ukurasa mmoja mfupi, uone. Kitabu kidogo kinachotembea kichukue, kinene kinachokataa kiache. Kilichoandikwa pembeni na mtu aliyehangaika kabla yako usikionee kinyaa. Na mashine ikikukataa mara tatu, kabla hujajiita mjinga, shuku kitabu. Mimi nilifanya kinyume cha haya yote, na gharama yake nimekulipisha wewe pia, kwa miezi uliyopanda mgongoni bure.

Mungu akupe vidole visivyoogopa uchafu na mdomo usioogopa kuuliza. Akulinde na walimu wanaoweka mikono mifukoni. Na siku utakapokuwa na cha kufundisha, akupe moyo wa kukijaribu kwanza.

Na kuhusu kituo, niliandika barua ya malalamiko, nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya serikali inayosimamia vituo vya mafunzo. Karani alitaka kuikataa kwa sababu ya kiambatisho, ile karatasi ya bitumbula, akisema mafuta yatachafua majalada mengine. Nilikaa kwenye benchi nawe mpaka akachoka kuniona, akapiga muhuri kwenye nakala yangu. Jibu bado halijafika. Ninainakili hapa jinsi ilivyo, ili asitokee mtu wa kukuambia kwamba mama yako alipiga kelele tu.

"Kwa Mkuu wa Ofisi. Jambo: malalamiko juu ya silabusi ya programu na juu ya mtihani wangu.

Mheshimiwa, mimi mama Gracia, mkaaji wa Ruashi, ninalalamika kwamba katika kituo cha Kamalondo tulifundishwa miezi minne kwa silabusi ambayo mwalimu wake hajawahi kuiandika kwenye mashine. Nilipomwomba aandike ukurasa mmoja, aliondoka, nami nikafutwa. Siombi anisamehe, maana sikumkosea.

Naomba ofisi yenu itume mtu mmoja anayejua, akae mbele ya mashine moja yenye umeme. Aandike ukurasa wowote wa silabusi. Kisha aandike mtihani wangu, pamoja na nafasi zake. Mashine itasema nani alikosea, na mimi nitakubali neno lake.

Naomba pia silabusi hiyo isitolewe tena kwa mwanafunzi yeyote kabla haijajaribiwa, kwa sababu sasa inafundishwa kwa watoto.

Nimeambatanisha silabusi, mtihani wangu, na karatasi moja yenye mafuta. Silabusi mubaki nayo. Karatasi yenye mafuta, mukimaliza, naomba munirudishie. Ndiyo kitabu changu."